Bipe ya Asubuhi kutoka Tenke

Adèle Bilonda anauza taa za kichwani. Ukiingia Dilala, mtaa wa Kolwezi, kwa upande wa nyumba za zamani za kampuni, zile za matofali zilizopangwa mistari mistari, utaiona meza yake mbele ya ukuta. Taa zimetundikwa kwa mikanda, na chini zimesimama buti za mpira. Vijana wanaochimba shaba na kobalti wanapita kwake kabla ya kwenda shimoni. Kwa kuwa taa haionyeshi nguvu yake kwenye jua, Adèle ameshona mfuko mkubwa wa kitambaa cheusi. Mteja anavaa taa, anaiwasha, kisha anaingiza kichwa ndani ya mfuko na kuangalia kiganja chake mwenyewe.

"Ingiza kichwa, mwanangu, mi si muchawi," anamwambia.

"Mama Adèle, humu ndani munanuka sabuni."

"Sasa ulitaka munuke shimo? Shimo utalikuta kule kwenye unaenda."

Watu wanacheka, mteja anatoka na nywele zimelala, analipa, anakwenda. Ukipita pale unaweza kufikiri ni mwanamke mwenye watu wengi. Mimi nimekaa kwenye kiti chake mara nyingi nikipumzisha miguu, nami najua kwamba jioni meza ikiingizwa ndani, hakuna mwingine katika ile nyumba. Mume wake alikwenda Manono kutafuta kazi, na hakurudi. Hakufa. Alikaa huko tu. Mungu hakuwapa mtoto. Mama yake amezikwa Tenke. Aliyebaki ni baba yake, tata Sadrack Kisimba, naye anakaa hukohuko Tenke, peke yake, karibu na stesheni, katika nyumba ya watu wa reli.

Tenke ni mahali ambapo reli inagawanyika. Njia moja inashuka Lubumbashi, moja inapanda Kamina, na moja inakuja Kolwezi na kuendelea hadi kwenye mpaka wa Angola. Maisha yake yote ya kazi Kisimba alikuwa mtu wa kugeuza reli na kujibu kengele. Kazi ile ilikuwa hivi. Stesheni ya jirani ikitaka kutuma treni, inapiga kengele kwako. Ukiona njia ni safi, nawe unapiga ya kwako kujibu. Hapana maneno. Usipojibu, treni inabaki palepale ilipo. Na kama kengele imenyamaza kupita kiasi, mtu anachukua taa na kuifuata njia kwa miguu mpaka aone kilichotokea. Kisimba aliifuata hivyo zaidi ya mara moja. Safari moja alikuta mti umelala juu ya reli. Safari nyingine alikuta mwenzake wa stesheni ya mbele amelala usingizi, mdomo wazi, na kuku wanakula ugali wake mezani.

Mama alipozikwa, Adèle alimletea mzee simu ndogo ya kubonyeza. Mzee aliigeuzageuza mkononi.

"Mi nitaongea nini na hii kintu?"

"Utaniuliza habari, Tata. Na mi nitakuuliza."

"Habari ni ile ile."

Adèle alifikiri kidogo. Baba yake hakuwa mtu wa maneno hata mama alipokuwa hai. Mama ndiye aliyekuwa anaongea kwa niaba ya wote wawili.

"Basi unibipe tu," alisema. "Asubuhi ukiamuka, unapiga, inalia mara moja, unakata. Nitajua njia iko wazi. Na mi nitakupigia mara moja, nakata."

Mzee aliinua macho. Tangu mazishi hakuwa amemtazama mtu hivyo.

"Utajibu kila siku?"

"Kila siku."

"Ukikosa kujibu, mi nakuya kuangalia."

"Kuya," alisema Adèle, akicheka.

Tangu siku ile, kila asubuhi kabla ya kufungulia kuku, mzee alibipe. Kule Dilala simu ililia mara moja juu ya dirisha. Adèle aliacha ufagio au sufuria, alibonyeza namba ya baba yake, na simu ya Tenke ilipoanza tu kulia alikata. Alikuwa na mkono mwepesi kwa jambo lile. Kisha kila mmoja aliendelea na siku yake. Hawakuongea. Sikukuu ya Pasaka Adèle alikwenda Tenke, wakakaa kwenye kizingiti, wakala, na hata huko hawakuongea sana. Lakini ile sauti moja ya asubuhi haikukosa.

Zamani Adèle alinunua taa zake kwa wafanyabiashara wa Lubumbashi. Baadaye aliungana na wanawake wengine akaanza kwenda kuzichukua mwenyewe China, katika mji wa Guangzhou. Safari ya kwanza alikwenda na kadi yake ya simu ya Kolwezi. Bipe ya baba ilimfuata mpaka kule bila shida. Shida ilitoka kwa kwaya ya kanisa, iliyomtumia picha za harusi, picha baada ya picha, na kule ugenini picha zile zilikula unite zake zote, pesa yote ya simu, hata kabla hajaona taa. Kwa hiyo safari hii, kabla ya kuondoka, alikwenda kwa Mechack.

Mechack anatengeneza simu kwenye kibanda cha mabati karibu na wanaposimama vijana wa teksi za pikipiki. Ni kijana wa maneno mengi.

"Mama Adèle, mambo ya kadi za plastiki ilikwisha," alimwambia. "Sasa kadi inaingia mu simu sawa vile roho."

"Roho ya nani?"

"Hapana kuogopa. Shika simu yako, piga picha ya hii kintu ya madoadoa. Haya. Ngojea. Bon. Imeshaingia."

"Iko wapi?"

"Mule ndani."

"Sijaiona."

"Ndiyo buzuri yake. Hata mwizi hataiona. Ukitelemuka tu ku Chine, intaneti iko. Kule kadi zao zinafunga WhatsApp, lakini hii yako inapita. Utaongea na batu bote."

Adèle aliitazama simu kama mtu anayetazama chungu ambacho wamemwambia kimejaa.

"Na namba yangu? Batu batanipata na namba yangu?"

"WhatsApp itabakia na namba yako ile ile. Hakuna mutu atajua kama uko mbali, ila tu mwenye utamwambia."

Mechack hakusema uongo. Wateja wake wote wanauliza habari ya WhatsApp, naye alijibu habari ya WhatsApp. Adèle alisikia kwamba namba yake itakwenda naye. Basi alipofika nyumbani aliitoa ile kadi ya plastiki. Kwetu kadi ya simu ni mfuko wa pesa, akiba ya mtu inakaa ndani yake, na wanawake wanaosafiri wameshaonywa juu ya mikono ya watu katika viwanja vya ndege. Aliifunga kadi katika kipande cha kitambaa, akaiweka ndani ya kibati cha sindano, akafunga nyumba, na ufunguo akampa mama Micheline, jirani wa mlango wa pili.

Siku chache kabla ya hapo alikuwa amekwenda Tenke kuaga.

"Kule Chine kengele itafika?" mzee alimuuliza.

"Itafika, Tata. Sawa safari ile ingine. Kuko kadi ya mupya, iko nguvu kupita."

"Na utajibu?"

"Nitajibu."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Kwake jambo lilikuwa limekwisha semwa.

Guangzhou Adèle alipata chumba juu sana, dirisha lake linatazama madirisha ya watu wengine. Simu iliwaka alipotua tu, kama Mechack alivyoahidi. Kwaya ilimsalimu. Mama Micheline alimtumia picha ya mlango wake ili aone kwamba bado umefungwa. Dodo, kijana wa pikipiki anayembebea mizigo, alimtumia sauti ya kumwomba asimsahau kwa miwani ya jua. Watu wote walikuwa mle ndani ya simu, wanacheka, wanabariki, wanaomba.

Asubuhi ya Tenke ni saa sita ya mchana kule China. Adèle alilijua hilo tangu safari ya kwanza. Saa sita ilipofika alikuwa katika jumba la taa, mahali ambapo taa za kila namna zinawaka mchana kutwa, ukuta hadi ukuta. Alisimama na simu mkononi. Haikulia.

Alisema moyoni ni rezo, mtandao haujakaa sawa. Alijaribu kumbipe baba yake yeye kwanza, lakini simu iliandika maneno ya kukataa. Baba hana WhatsApp, simu yake haina hata mahali pa kuiweka. Adèle alisema tena ni rezo, akaendelea kuchagua taa.

Kesho yake saa sita alisimama palepale. Mwanamke mwenye duka alikuwa na simu inayogeuza Kichina kuwa Kifaransa, inayoyasoma maneno kwa sauti ya kiume iliyokauka. Mwanamke akaongea ndani yake, na ile sauti ikamuuliza Adèle, "Je, bibi anamngojea mume wake?"

"Hapana," alisema Adèle. "Baba."

Simu ikatafsiri. Mwanamke akatabasamu, akamletea kigoda. Adèle akakaa katikati ya taa zile zote, simu juu ya mapaja. Watu walipita na mikokoteni yao. Haikulia.

Mzee anayekaa peke yake, asubuhi yake isipolia, mtu anafikiri jambo moja tu. Adèle alilifikiri hilo akiwa kwenye kigoda, na hakutaka kumuuliza mtu yeyote, kwa sababu akiuliza atajibiwa. Alirudi chumbani, akapika wali kwenye jiko dogo la umeme, akauacha. Kwaya iliendelea kutuma. Mtu mmoja alituma wimbo, mwingine aliuliza nani ana ndoo kubwa ya kuazima. Adèle aliyasoma yote. Sijui kama kuna upweke kama ule, wa kushika mkononi sauti za watu wote, ukakosa ile moja isiyo na maneno.

Siku iliyofuata hakuvumilia. Alimtumia Mechack sauti.

"Mechack, mutoto yangu, ju ya nini bipe ya tata yangu haifikake?"

Mechack alijibu upesi, kelele za pikipiki nyuma yake.

"Mama, atabipe ku namba gani? Ile kadi ya mu simu ni ya intaneti tu, haina na namba. Bipe inakuyaka ku kadi yako ya hapa. Iko wapi?"

Adèle aliisikiliza sauti ile mara mbili.

"Iko mu kibati cha sindano," alisema.

"Ah, mama. Ungeiacha tu mule mu simu, unazima intaneti yake. Ingelia."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza, mama. Mi nilijua wazee bako bote bako ku WhatsApp."

Kidogo moyo wake ulitulia. Basi baba hakuwa amenyamaza. Baba alikuwa anapiga, na kengele ilikuwa inalia mahali pasipo na mtu, hata haikulia, kwa sababu kadi iliyo ndani ya kibati haina masikio. Alimpa Mechack namba ya mzee, akamwomba ampigie sasa hivi, amweleze. Mechack alipiga. Alipiga tena. Kisha alituma sauti fupi, bila mizaha: "Mama, ile simu ya tata imezimika."

Hapo Adèle alimtafuta Dodo.

"Dodo, wende ku Tenke. Wende leo."

"Mama, hii pikipiki yangu haifike Tenke, itakufa pa njia."

"Basi panda gari. Miwani utapata mbili."

"Hata bila miwani nitaenda, mama. Ni nini?"

"Ni tata yangu."

Dodo alikwenda. Ni mwendo mrefu, malori ya madini yamejaa barabarani na vumbi lake halikai chini. Alipofika alituma picha. Adèle aliifungua: mlango wa kijani aliokulia nyuma yake, na kufuli. Baadaye ikaja sauti.

"Mama, nyumba imefungwa. Hakuna matanga, hakuna batu, hapana kulia. Jirani anasema mzee alimuachia kuku, akavaa koti yake ya reli, akabeba ile taa ya zamani. Anasema alimuambia neno moja tu: ameenda kuangalia njia. Njia gani, mama? Mi sielewe. Mi nilimuuliza, na yeye haelewe."

Adèle alielewa. Aliketi kitandani na simu mkononi. Kengele haikujibiwa, na mtu wa stesheni amechukua taa. Alimwona baba yake anatembea juu ya mataruma, miguu ile ambayo siku hizi inachoka hata kutoka nyumbani mpaka kisimani. Njia yenyewe kutoka Tenke hadi Kolwezi si ya stesheni moja tu, ni siku nyingi za mguu. Kuna madaraja, kuna sehemu ambapo majani yameimeza reli. Na mwisho wa njia yote hiyo kuna mlango wa Dilala ambao yeye mwenyewe ameufunga.

"Dodo," alisema, "uliza batu ba stesheni. Uliza balioko banatengeneza reli."

Alama ya kufika haikuonekana. Rezo ya Tenke ilikuwa imepotea. Sauti yake ilibaki pale ikingoja, kama treni iliyozuiwa. Hakuna alichoweza kufanya. Ndege yake ya kurudi ilikuwa bado. Mizigo ilikuwa bado. Alifungua dirisha, na katika madirisha ya mbele alimwona mwanamume anayekunja nguo, polepole, shati moja baada ya jingine. Alimtazama mpaka zikaisha. Dodo hakujibu, na usiku ule ulipita bila Adèle kuzima taa ya chumba.

Sasa nitaeleza ya huku Dilala, kama alivyonieleza mama Micheline.

Micheline alikuwa anatoka sokoni na beseni la samaki wadogo kichwani. Akaona mzee ameketi kwenye kizingiti cha Adèle, koti la zamani la reli limefungwa vifungo vyote, viatu vyeupe kwa vumbi, na kati ya miguu taa kubwa ya chuma yenye kioo chekundu upande mmoja. Micheline hakuwa amewahi kumwona. Akafikiri ni mtu wa biashara.

"Yambo, Tata. Mama Adèle hayuko. Na ile taa yako ni muzee sana, hataiuzisha. Siku hizi batu banatakaka za Chine."

"Siuzishe," alisema mzee.

"Basi unataka kununua?"

"Mama, mi naangalia njia. Hapa ni poste ya Adèle?"

"Poste?"

"Nyumba yake."

"Ni yake. Weye ni nani, Tata?"

"Ni Kisimba. Kengele yake haijibu. Ku simu kuko mwanamuke anaongea Français, anasema mutu haonekane. Nilimuuliza yule mwanamuke, hanijibu, anarudilia tu ile ile." Mzee aliugeukia mlango. "Nimegonga huku. Hakuna mutu. Nambie tu, mama. Kama mumemuzika, nambie."

Micheline aliliweka beseni chini. Anasema samaki walimwagika na hakuwaona.

"Tata, mutoto yako eko muzima. Asubuhi hii ameniandikia, ananiuliza kama kuko mutu pa mulango yake."

"Amekuandikia weye."

"Ndiyo, Tata."

Mzee aliishika taa yake kwa mikono miwili, akatazama barabara. Micheline aliona koti linapanda na kushuka.

Alikuwa ametembea kwa miguu mpaka viatu vilipomshinda. Kisha watu wanaotengeneza reli walimkuta ameketi kando ya njia, wakamjua kwa koti lake, wakampandisha kwenye kigari chao cha injini. Walimlaza kambini kwao, wakampa chai, na alfajiri wakamshusha Kolwezi. Simu yake ilikuwa imeishiwa moto wa betri kwa sababu kila siku njiani aliendelea kubipe.

Micheline alitoa simu na kumpigia Adèle, ile ya kuonana sura. Ililia mara moja tu, Adèle alikuwa ameishika. Micheline hakueleza kitu. Alimgeuzia mzee.

Mzee alivua kofia.

"Adèle."

"Tata."

"Uko muzima?"

"Niko muzima, Tata. Na weye?"

"Niko."

Wakatazamana. Adèle alikuwa anajaza kioo chote, macho yamevimba. Mzee hakuwa amezoea kumwona mtoto wake karibu hivyo bila kuweza kumpa kiti. Alisogeza kichwa nyuma kidogo.

"Kengele haikujibu," alisema.

"Najua, Tata. Nilikosa. Kadi niliiacha mu nyumba."

"Mutu wa poste anaenda, na anaacha kengele mu nyumba?"

"Mu kibati cha sindano, Tata."

Mzee alifikiri juu ya kibati. Micheline anasema mdomo wake ulitaka kucheka lakini haukufika.

"Ulikula?" aliuliza.

"Nitakula."

"Kula."

Hapo maneno yao yalikwisha. Hakuna aliyejua kukata, wakakaa wakitazamana, mzee na kofia yake mkononi, mpaka Micheline alipoona mkono umechoka na kuikata mwenyewe.

Alimfungulia nyumba, akampa maji ya kuoga na ugali wa bukari na wale samaki. Alimwomba akae Dilala mpaka Adèle arudi. Mzee alikataa. "Nani atachunga Tenke?" alisema, kana kwamba treni bado zinamngojea. Lakini kabla ya kuondoka alitaka jambo moja liwekwe sawa. Kibati cha sindano kililetwa. Kadi ilitolewa kwenye kitambaa. Mechack alikuja mwenyewe, bila kuitwa mara mbili, akaleta simu ndogo ya kubonyeza iliyokaa kibandani bila mwenyewe, akaitia kadi ndani. Ikakubaliwa hivi: simu ile itakaa kwa mama Micheline, juu ya kabati la vyombo. Asubuhi mzee atabipe kutoka Tenke, Micheline atajibu, kisha atamwandikia Adèle kule China.

Dodo, aliyekuwa amerudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, alimsindikiza mzee kwao.

Basi asubuhi zilizofuata simu ililia mara moja juu ya kabati la Micheline, kati ya sahani. Micheline alipangusa mikono, akabonyeza namba, akasikiliza inalia kule Tenke, akakata. Kisha akachukua simu yake kubwa na kuandika neno moja: "Imelia." Huko Guangzhou, saa sita ya mchana, Adèle alilisoma lile neno katikati ya taa. Lilimtosha kwa kununua, kwa kufunga mizigo, kwa kulala. Lakini aliniambia kwamba kulisoma si kama kulisikia. Alikuwa anasoma, kisha anaiweka simu sikioni, ingawa hakuna kitu sikioni.

Mimi siku zile nilikuwa nimefika Tenke katika safari zangu, na tata Kisimba alinipa mahali pa kulala. Asubuhi nilimwona anavyofanya. Aliketi kitandani, akabonyeza, akakata, akaiweka simu juu ya goti na kungoja. Ikaja sauti ya kujibu, ndefu, inalia, inaendelea kulia, mwishowe ikakatika.

"Ni mutoto wako?" nilimuuliza.

"Hapana. Ni ule mama wa samaki."

"Unajuaje?"

"Anaacha inalia sana. Adèle anakataka mbio." Akasimama kwa kushika ukuta. "Njia iko wazi, lakini mukono si ule."

Akaenda kufungulia kuku. Asubuhi iliyofuata ikawa vivyo hivyo, na nyingine tena. Kila mara alisikiliza mpaka mwisho wa ule mlio mrefu, kwa heshima, kama mtu anayesikiliza mgeni, kisha akasimama.

Siku moja mvua ilikuwa imenyesha, mataruma yananuka mafuta na maji. Mzee alibipe kama kawaida, akaweka simu juu ya goti. Ikalia. Haikulia hata mara moja kamili, ilishtuka tu ikanyamaza.

Mzee hakusimama. Aliitazama simu juu ya goti lake.

"Amerudi," alisema.

Nilimngojea apige, amuulize safari ilikuwaje, alifika na nani, mizigo yake iko salama. Hakupiga. Kule Dilala, kama alivyonieleza baadaye, Adèle alikuwa amekaa peke yake kati ya maboksi ya taa, simu mkononi na kadi imerudi ndani yake, naye hakupiga. Mzee alikaa vile muda kidogo, mkono juu ya simu, mpaka kuku walipoanza kulalamika nyuma ya mlango.